Ushuru wa Biashara Ndogo Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ritani na Gharama Zinazopunguza Ushuru

Maswali haya huulizwa na wenye maduka, saluni, vibanda vya chakula, mafundi, wauza mitumba na vijana wanaofanya kazi za mikataba. Majibu yanahusu Kenya, na yanafuata sheria baada ya mabadiliko ya Sheria ya Fedha ya 2025. Bunge hugusa viwango karibu kila mwaka kufikia Julai, kwa hiyo ukisoma haya baadaye, thibitisha takwimu kwenye tovuti ya KRA (Mamlaka ya Ushuru Kenya) kabla ya kulipa.

Biashara yangu ni ndogo sana. Kweli natakiwa kulipa ushuru?

Tenganisha mambo mawili: kujaza ritani (taarifa ya mapato yako kwa KRA) na kulipa. Ukiwa na PIN (nambari yako ya ushuru kutoka KRA) yenye wajibu wa ushuru wa mapato, ritani ya kila mwaka ni lazima, hata kama hudaiwi senti. Kulipa kunategemea faida.

Mtu binafsi hutozwa 10% kwa shilingi 288,000 za kwanza za faida ya mwaka, 25% kwa 100,000 zinazofuata, kisha 30% kwa kiasi kinachozidi hapo, hadi unapofika mamilioni ambako viwango vinapanda tena. Lakini kila mkazi ana nafuu ya kibinafsi ya shilingi 28,800 kwa mwaka, ambayo hutolewa kwenye ushuru wenyewe. Asilimia 10 ya 288,000 ni 28,800 kamili. Maana yake ni kwamba aliyepata faida ya 288,000 au chini yake, na hana mapato mengine, hadaiwi kitu.

Angalia hapa: faida, si mauzo. Mama mboga anayeuza vitu vya shilingi 800,000 kwa mwaka na kubaki na 200,000 hana ushuru wa mapato wa kulipa. Ana ritani ya kujaza tu.

Basi nijaze ritani ya sufuri?

Hapana. Ritani ya sufuri ni ya mtu ambaye hakuwa na mapato yoyote mwaka mzima. Kama uliuza, jaza ritani ya mapato ya biashara: andika mauzo, andika gharama, na uache hesabu yenyewe ionyeshe kwamba ushuru ni sufuri. Tofauti inaonekana ndogo lakini ina uzito, kwa sababu KRA inaona ankara ulizotoa, ulizonunulia, na kiasi ambacho wateja wakubwa walikukata. Mwishoni mwa 2025 ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 takwimu za kwenye ritani zitalinganishwa na data ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki), ya ushuru unaokatwa na wateja, na ya forodha. Mtu aliyejaza sufuri huku PIN yake ina ankara za mauzo ya nusu milioni atatafutwa.

TOT ni nini, na inanifaa?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mfanyabiashara alijibu kabla ya mwaka kuanza, kwa sababu laweza kukuokolea pesa nyingi kuliko risiti zote utakazokusanya.

TOT ni ushuru wa mauzo ghafi. Unahusu mkazi ambaye biashara yake huuza zaidi ya shilingi milioni 1 lakini si zaidi ya milioni 25 kwa mwaka. Kiwango ni 3% tangu Julai 2023. Kabla ya hapo kilikuwa 1%. Hulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ukishalipa, ushuru wa mapato ya biashara hiyo umekwisha. Hauhusu mapato ya kodi ya nyumba, ada za ushauri na taaluma, ada za mafunzo, wala mapato ambayo tayari yamekatwa ushuru wa mwisho (ule ukishakatwa hudaiwi tena).

Urahisi wake unavutia: hakuna kuhesabu faida. Lakini hakuna gharama yoyote inayokatwa pia, na hapo ndipo watu wawili wenye biashara tofauti hupata matokeo tofauti kabisa.

Chukua mwenye duka la jumla anayeuza sukari, unga na mafuta. Mwaka mzima ameuza shilingi milioni 4.8. Biashara ya namna hii ina faida nyembamba; baada ya kununua mali, kulipa kodi ya duka, usafiri na kijana wa kazi, amebaki na 288,000. Akiwa ndani ya TOT atalipa 144,000, nusu ya faida yake yote. Akiwa kwenye ushuru wa kawaida wa mapato, kwa hesabu tuliyoiona juu, atalipa sufuri.

Sasa chukua saluni. Mauzo ni milioni 1.5, na kwa kuwa anachouza ni kazi ya mikono, faida ni 700,000. TOT yake ni 45,000. Kwenye ushuru wa kawaida angelipa 28,800 kwa sehemu ya kwanza, 25,000 kwa sehemu ya pili, na 93,600 kwa 312,000 zilizobaki, jumla 147,400. Ukitoa nafuu ya kibinafsi inakuwa 118,600. Huyu TOT inamfaa mno.

Sheria inakuruhusu kujiondoa kwenye TOT kwa kumwandikia Kamishna wa KRA notisi, na kubaki kwenye ushuru wa kawaida. Kwa maoni yangu, kila mwenye biashara ya faida nyembamba (duka la jumla, vifaa vya ujenzi, kuuza simu, nafaka) afanye hesabu hii kwa karatasi na kalamu kabla ya kukubali TOT. Wengi wanalipa 3% kwa sababu tu ndiyo waliyoikuta kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni.

Nikiwa ndani ya TOT, nihifadhi risiti za nini?

Kwa sababu mbili. Mauzo yako yakipita milioni 25, au ukiamua kuhama, utahitaji rekodi. Na sheria inataka kumbukumbu zihifadhiwe kwa miaka 5 bila kujali uko kwenye mfumo gani.

Ni gharama zipi zinazokatwa kwenye mapato?

Kwa aliye kwenye ushuru wa kawaida, kanuni iko kwenye Sheria ya Ushuru wa Mapato, kifungu cha 15: gharama iwe imetumika yote, na kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo peke yake. Jiulize: kama nisingekuwa na biashara hii, ningelipa pesa hii? Jibu likiwa hapana, kuna uwezekano mkubwa inakatwa.

Kodi ya duka inakatwa. Leseni ya biashara ya kaunti inakatwa. Mishahara ya wafanyakazi, stima, maji, usafiri wa mali, vifungashio, matangazo, ukarabati wa mashine, bima ya mali na ada ya mhasibu zote zimo. Watu hukumbuka hizo kubwa. Zinazosahaulika ni ndogo zinazojirudia: ada za M-Pesa unapolipa wauzaji au kuhamisha pesa kwenda benki, ada za benki zenyewe, bando za intaneti zinazotumika kupokea oda, ada ya kuegesha gari la kubeba mali, sabuni na dawa za kusafishia. Shilingi 60 za kutuma pesa mara kumi kwa wiki ni zaidi ya 31,000 kwa mwaka. Nyingi huishia kwenye taarifa ya M-Pesa bila kuhesabiwa na yeyote.

Riba ya mkopo wa biashara inakatwa, uwe wa benki au wa Sacco. Mtaji unaorudisha haukatwi. Ukilipa 15,000 kwa mwezi na 3,000 kati yake ni riba, gharama yako ni 3,000. Omba taarifa ya mkopo inayotenganisha hizo mbili.

Haikatwi: karo ya watoto, chakula cha nyumbani, nguo zako, faini za kaunti au za trafiki, ushuru wa mapato wenyewe. Na "kitu kidogo" ulichotoa njiani hakina nafasi kwenye vitabu vyovyote.

Nina risiti za kuandikwa kwa mkono. Zinakubalika?

Kwa ununuzi wa tangu Januari 1, 2024, kwa kawaida hapana. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka wazi kwamba gharama isiyo na ankara ya kielektroniki kutoka mfumo wa eTIMS haikatwi. Kila mwenye biashara anatakiwa kutoa ankara hizo, awe amesajiliwa kwa VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) au la.

Kuna mambo yaliyoachwa nje: mishahara, bidhaa ulizoagiza kutoka nje (hizo zina nyaraka za forodha), riba, ada za taasisi za fedha, na malipo ambayo tayari yamekatwa ushuru wa mwisho. Kwa hiyo ada za benki na mshahara wa kijana wako havikwami kwa kukosa eTIMS. Lakini mali ya duka, kodi ya duka na huduma ya fundi vinakwama.

Na hata ankara ya eTIMS haitoshi kama haina PIN yako. Unaponunua, taja PIN kabla muuzaji hajachapisha. Akishachapisha bila PIN, KRA inaona mauzo yake lakini haioni kwamba mnunuzi ni wewe. Andika PIN kwenye kikaratasi, mpe kila unayemtuma sokoni, na muuzaji akisema "mtandao hauko," mwambie akutumie baadaye huku ukiandika jina la duka, tarehe na kiasi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ushuru utakaoonekana kwenye ritani yako unaamuliwa pale kaunta, siku unayonunua. Mhasibu hawezi kukurudishia gharama ambayo haikuandikwa kwa PIN yako.

Wewe mwenyewe kutoa ankara hakuhitaji mashine ya bei ghali. Kuna eTIMS Lite, inayopatikana kwenye eCitizen, kwenye programu ya simu, na kwa kupiga *222# kwenye simu yoyote, hata kabambe.

Nanunua mboga kwa wakulima na mahindi kwa watu wadogo vijijini. Hawana eTIMS. Nifanyeje?

Hili lilikuwa tatizo zito kwa wenye hoteli na wachuuzi wa jumla, na lilipata suluhisho mwishoni mwa Desemba 2024 kupitia marekebisho ya Sheria ya Taratibu za Ushuru. Ukinunua kwa mkulima mdogo au biashara ndogo ambayo mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 5, wewe mnunuzi ndiwe unayetoa ankara kwa niaba yake ndani ya eTIMS. Muuzaji anahitaji PIN, na athibitishe mauzo hayo. Wazee wengi vijijini huogopa kutoa PIN wakidhani wanauzwa kwa KRA. Waeleze kwa upole kwamba PIN haianzishi deni, na kwamba faida yao ikiwa ndogo hawatalipa kitu.

Nilinunua mali ya 900,000 mwaka huu. Nakata zote?

Unakata gharama ya mali uliyouza, siyo yote uliyonunua. Hesabu ni hii: thamani ya mali iliyokuwepo Januari 1, ongeza manunuzi ya mwaka, toa thamani ya mali iliyobaki Desemba 31. Ukianza na mali ya 150,000, ukanunua ya 900,000, na ukabaki na ya 250,000, gharama ya mauzo ni 800,000.

Kwa hiyo tenga siku moja mwisho wa Desemba uhesabu rafu kwa bei ya kununulia. Mali iliyooza, iliyovunjika au kupita muda iandike kando na upige picha kabla ya kuitupa. Mwenye duka la dawa au la maziwa anaweza kuwa na hasara ya maana hapa, na asipoiandika inabaki kana kwamba bado iko kwenye rafu.

Kompyuta, pikipiki au viti vya duka je?

Hivi ni vitu vya kudumu, kwa hiyo havikatwi kwa mkupuo. Vinagawanywa kwa miaka. Kompyuta na vifaa vyake ni 25% kwa mwaka kwa mafungu sawa, na magari vilevile, pikipiki ya kupeleka oda ikiwemo. Samani ni 10%. Kompyuta ya 80,000 inakupa punguzo la 20,000 kila mwaka kwa miaka minne. Kama pikipiki hiyohiyo inakupeleka kanisani au msikitini na kuleta watoto shule, kata sehemu ya biashara tu.

Nafanyia kazi nyumbani. Naweza kukata stima na kodi ya nyumba?

Sehemu, ikiwa unaweza kuitetea. Fundi cherehani aliyetenga chumba kimoja kati ya vinne kwa ajili ya mashine na wateja ana msingi wa kukata robo ya kodi ya nyumba. Aliyeweka mashine kwenye kona ya sebule ana msingi dhaifu zaidi. Njia uliyotumia kugawa iandike, uitumie mwaka hadi mwaka, na ankara ziwe na PIN yako. Simu ni hivyohivyo. Laini ya pili ya biashara pekee humaliza ubishi.

Naweza kujilipa mshahara na kuukata?

Kama biashara ni yako binafsi, hapana. Pesa unayochukua ni faida yako, na hutozwa ushuru kama faida. Ukiwa na kampuni iliyosajiliwa, unaweza kuwa mwajiriwa wake, na hapo PAYE (ushuru unaokatwa kwenye mshahara) huhusika. Ndugu anayefanya kazi kweli dukani mlipe kiasi ambacho ungemlipa mtu baki, kwa njia inayoacha rekodi.

KRA itahesabu pesa zote zilizoingia M-Pesa kama mauzo?

Inaweza kuuliza, na mzigo wa kueleza ni wako. Mchango wa harusi, mkopo, zamu ya chama, pesa ya shangazi kutoka Doha: hakuna kati ya hizo iliyo mauzo, ila zote zikiwa laini moja na malipo ya wateja, utakaa usiku kucha kuzichambua. Chukua till ya Lipa na M-Pesa kwa biashara. Na ukihamisha pesa ya mtaji kutoka mfukoni, iandike siku hiyohiyo.

Mteja alinikata 5%. Pesa hiyo imepotea?

Haijapotea. Ukitoa huduma ya kitaaluma, ya ushauri au ya kandarasi kwa kampuni, inaweza kukukata ushuru na kuupeleka KRA kwa PIN yako. Ni malipo ya awali ya ushuru wako wa mwaka. Pakua cheti kwenye iTax na ukiweke kwenye ritani. Gharama zako zikiwa nyingi, unaweza kuwa unaidai KRA. Vijana wengi wa kazi za mikataba hujaza sufuri na kuziacha pesa hizi huko. Kama cheti hakionekani, mfuate mteja sasa, usingoje Juni.

Tarehe zipi nisizikose?

Mwaka wa ushuru wa mtu binafsi huanza Januari na kuisha Desemba. Ritani ni kufikia Juni 30, lakini salio la ushuru linatakiwa Aprili 30, na hapo ndipo wengi hunaswa: wanalipa Juni wakidhani wamewahi, kumbe riba imeanza Mei. Kama ushuru wako wa mwaka unazidi 40,000, unatakiwa kulipa kwa awamu tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba ya mwaka wenyewe. TOT na VAT ni tarehe 20 ya kila mwezi, PAYE tarehe 9.

VAT inanihusu lini?

Mauzo ya bidhaa na huduma zinazotozwa VAT yakifika milioni 5 kwa mwaka. Kiwango cha kawaida ni 16%. Kuwa ndani ya TOT hakukuondolei VAT.

Nilipata hasara mwaka jana. Ina faida yoyote?

Ndiyo, mradi uitangaze. Hasara inabebwa mbele na kupunguza faida za miaka inayofuata. Kuanzia Julai 2025 ina ukomo wa miaka 5. Anayejaza sufuri kwenye mwaka wa hasara anaitupa haki hiyo.

Kuna nafuu zisizohusu gharama za biashara?

Zipo, na hazitumiki vya kutosha. Michango kwa mpango wa pensheni uliosajiliwa inapunguza mapato yanayotozwa, hadi 30,000 kwa mwezi tangu mwisho wa 2024. Bima ya maisha au ya elimu ina nafuu ya 15% ya malipo, hadi 60,000 kwa mwaka. Na mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, akishapata cheti cha msamaha cha KRA, hatozwi ushuru kwa mapato ya hadi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwenye kibanda au karakana, hilo laweza kufuta ushuru wote. Kama una jirani anayestahili na hajui, mwambie.

Sijajaza ritani miaka mitatu. Nianzie wapi?

Anza na mwaka wa zamani zaidi uje mbele, maana hasara na salio la mwaka mmoja huingia kwenye unaofuata. Adhabu ya kuchelewesha ritani kwa mtu binafsi ni 2,000 au 5% ya ushuru, kubwa kati ya hizo. Kwa TOT ni 1,000 kwa kila ritani. Ushuru usiolipwa huongezwa 5% na riba ya 1% kila mwezi. Deni likikulemea, omba kulipa kwa awamu na utaje kiasi unachoweza kweli. Ukipokea makadirio ya ushuru kutoka KRA usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuwasilisha pingamizi pamoja na ushahidi. Hesabu siku hizo tangu tarehe ya notisi.

Nimwachie kijana wa saiba anijazie?

Akusaidie kubofya, lakini takwimu ziwe zako. Nenda ukiwa umeandika mauzo, gharama ya mali, kila kundi la gharama na faida. Simama pale hadi ritani iwasilishwe, ukague kwamba si ya sufuri, na uondoke na risiti ya uthibitisho yenye nambari. Ukifika nyumbani badilisha nywila ya iTax. Kama huna saiba unayoiamini, meza za KRA kwenye Huduma Centre husaidia bila malipo, ila Juni foleni huzunguka jengo. Nenda Februari au Machi.